Bosi Anayeletewa Habari Njema Tu

Dodoma ni mji wa maofisi, na mji wa maofisi ni mji wa mabosi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanywa mwaka 1973, ukakaa kwenye makaratasi zaidi ya miaka arobaini, hadi mwaka 2016 Serikali ilipofungasha kweli. Tangu hapo mazungumzo ya mji yamebadilika. Zamani ukikaa mezani kwa mama lishe ulikuwa unasikia bei ya mahindi na mvua ya Ugogo. Siku hizi nenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, saa saba mchana, au panda treni ya SGR ya Ijumaa jioni inayorudisha watu kwa familia zao Dar es Salaam, utasikia mambo yale yale kwa sauti ya chini: fulani kahamishwa, fulani kanyimwa safari, fulani kaandikiwa barua ya kujieleza, na yule mama wa idara fulani hafai kabisa.

Hafai kwa nini? Hapo ndipo majibu yanapopishana. Mmoja atakwambia anafoka. Mwingine atasema anataka watu wote wawe wameingia saa moja na nusu asubuhi. Wa tatu analalamika kwamba anabana safari na masurufu. Ukisikiliza vizuri unagundua kwamba sehemu kubwa ya lawama hizi zinamwangukia mtu anayefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wenye madhara kweli mara nyingi hawatajwi, ama kwa sababu wanapendwa, ama kwa sababu ofisi nzima imeshawazoea kama watu wanavyozoea vumbi la Dodoma.

Mimi nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine. Ukitaka kumtambua kiongozi anayeharibu watu na kazi, muache yeye kwanza, fuata habari mbaya inavyosafiri kwenda kwake. Inafika? Inafika ikiwa nzima, au kila ngazi inaipunguza makali hadi inamfikia ikiwa imegeuka habari njema? Na aliyeipeleka, mwezi mmoja baadaye yuko wapi?

Nianze na suala la ukali, maana ndilo linalowachanganya wengi. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge linapokaa kwa ajili ya bajeti, wizara nyingi hazilali. Maswali ya wabunge yanatakiwa kujibiwa, hotuba ya waziri inaandikwa na kuandikwa upya, takwimu za mkoa zinagoma kulingana na za wizara, na saa nne usiku bado kuna taa inawaka na watu wanakula chipsi baridi juu ya meza za kazi. Katika hali hiyo bosi atapandisha sauti. Atarudisha kazi mara tatu. Atamwambia mtu mbele ya wenzake kwamba jedwali lake halina kichwa wala miguu. Haipendezi, na anayejiheshimu ataomba radhi baadaye, lakini siwezi kuita huo uongozi wa kudhuru. Tarehe 30 Juni inapita, watu wanalala, ofisi inarudi kwenye mwendo wake.

Penye madhara, Juni haiishi. Kila jambo ni la dharura. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp unaingia saa tano usiku Jumamosi ukidai taarifa ambayo Jumatatu hakuna atakayeisoma. Mtu yuko likizo kwao Singida anaambiwa arudi, anarudi, anakuta bosi mwenyewe kasafiri. Baada ya muda watumishi wanapoteza uwezo wa kutofautisha dharura ya kweli na ya kutengenezwa, na siku ya dharura ya kweli wanakuwa wameshachoka.

Tofauti nyingine ni kwamba mkali wa haki anatabirika. Watu wake wanajua kabla ya kugonga mlango ni kosa gani litawaletea maneno, na wanajua kwamba kosa hilo hilo likifanywa na rafiki yake wa toka chuo atapewa maneno yale yale. Anayedhuru hatabiriki. Jana ulisifiwa kwa kuamua mwenyewe, leo unaulizwa nani kakupa mamlaka. Ndiyo maana katika ofisi za namna hii watu huuliza kwanza kwa katibu muhtasi, "Leo hali ya hewa ikoje?" Swali hilo likishakuwa la kila asubuhi, jua kwamba nguvu iliyopaswa kwenda kwenye kazi inaishia kwenye kumsoma mtu mmoja uso.

Sasa turudi kwenye habari mbaya. Hapa kwetu tuna mfano ambao ningependa kila mkuu wa idara aliyehamia Dodoma autembelee siku moja ya mapumziko. Uko Kongwa, mashariki ya mji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na ikaonekana jibu ni karanga za Tanganyika. Mwaka 1946 ujumbe ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi kwa wiki kama tisa, sehemu kubwa ukiitazama ardhi kutoka kwenye ndege, ukarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000.

Sababu zake zilionekana kwa macho. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokauka kama saruji kiangazi kikiingia, na changarawe yake inakula vyuma vya jembe. Mibuyu na vichaka viliwashinda matingatinga, mengi yakiwa mabaki ya vita. Mvua ile haiaminiki. Mgogo yeyote aliyewahi kulima pale angewaambia bure, bila kuhitaji ndege. Lakini mpango ulikuwa umeshatangazwa, waziri wa chakula wa Uingereza, John Strachey, alikuwa akiutetea bungeni London, na kwa muda jenerali wa jeshi aliwekwa Kongwa kuusukuma. Jambo lililotangazwa kwa tarumbeta halina mlango wa nyuma. Kila msimu uliofuata malengo yalipunguzwa kimya kimya na matumaini yakapandishwa kwa sauti. Ulipofungwa mwaka 1951 walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza kama pauni milioni 36 za wakati huo. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya kabla hajafika mtu na ramani.

Siamini kwamba wakubwa wa mradi ule walikuwa watu waovu. Wengi walifanya kazi kwa bidii mno, kwenye mahema, katika jua ambalo hawakulizoea. Kilichowaponza ni mfumo ambao mtu wa chini akiona jembe limevunjika anaandika "limevunjika", wa katikati anaandika "linahitaji matengenezo", na wa juu anasoma "kazi inaendelea". Ukifanya kazi popote pale Dodoma leo, sidhani kama utapata shida kuielewa ngazi hiyo.

Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alikutana na jambo linalofanana na hili hospitalini, miaka ya 1990. Alikuwa akilinganisha timu za wauguzi, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kichwa chini miguu juu: timu zenye uongozi mzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye vitabu. Alipochunguza, maelezo yaliyompa mantiki ni kwamba wale walikuwa wanasema. Wodi zenye wasimamizi wa kuogopwa zilikuwa na makosa yao pia, isipokuwa yalifunikwa. Kwa hiyo mkuu anayejisifu kwenye kikao cha menejimenti kwamba kitengo chake hakina tatizo hata moja, mimi humwonea wasiwasi. Ofisi yenye watu thelathini na komputa kumi na tano isiyo na tatizo hata moja ni ofisi ambayo watu wake wameamua kufunika kombe.

Kikao chenyewe ukikiangalia kitakupa jibu kabla ya saa moja kwisha. Bosi anaongea dakika arobaini. Anauliza, "Kuna mwenye maoni?" Watu wanaangalia madaftari yao. Anayeinua mkono ni yule yule, na anaanza kwa kupongeza. Kikao kinafungwa kwa sala, na mazungumzo ya kweli yanaanzia kwenye korido, kwenye maegesho, kwenye gari la ofisi linalorudisha watu Kisasa na Ilazo. Dereva anajua hali ya idara kuliko mkurugenzi. Ningekuwa mimi ndiye ninayeteua viongozi, ningekuwa napanda gari hilo mara moja kwa mwezi.

Kipimo cha pili kiko kwenye karatasi. Tuseme kuna ofisa anayeshughulikia malipo. Anapelekewa maombi ya kulipia semina kutoka kifungu ambacho hakikupangiwa semina. Anafanya alichofundishwa: anaandika dokezo sabili, yaani maelezo mafupi ya ndani ya ofisi kwenda kwa mkubwa wake, anaeleza kwamba kifungu hakiruhusu, anapendekeza njia mbili, anamalizia kwa kuomba mwongozo. Kiongozi aliye sawa ataandika pembeni neno lake, la kukubali au kukataa, ataweka sahihi na tarehe. Hata akiandika jambo ambalo ofisa halipendi, amebeba mzigo wake. Anayedhuru haandiki. Dokezo linalala mezani chini ya magazeti. Siku ya tatu simu inalia: "Ile ishu bado tu? Wewe ndiye unayetukwamisha, na haya ni maelekezo kutoka juu." Juu kwa nani, haulizwi. Malipo yanafanyika. Mwaka unaofuata wakaguzi wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wanakuja, faili linatolewa masijala, na ndani yake kuna sahihi moja tu. Hoja ya ukaguzi inajibiwa na ofisa, ambaye dokezo lake halionekani tena.

Narudia jambo hili kila ninapopata nafasi kwa sababu ni alama ambayo hata mgeni wa wiki mbili anaweza kuiona. Kiongozi ambaye maagizo yake yote ni ya mdomo na maswali yake yote ni ya maandishi, yaani anaagiza kwa simu lakini anakutaka ujieleze kwa barua, huyo ameshapanga nani ataanguka mambo yakiharibika.

Nije kwa mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye mgumu kuliko wote kumtambua: bosi mpole. Hafoki. Anakuita "mwanangu" au "mdogo wangu". Mtoto wako akiugua anatuma hela ya dawa. Msiba ukitokea Mpwapwa au Manyoni anatoa gari. Tumelelewa kuheshimu wema wa namna hiyo, na tunafanya vizuri. Shida inaanza wema huo unapogeuzwa deni. "Mwanangu, hili usinikatalie." Unatakiwa kusaini orodha ya washiriki wa semina ambayo hukuhudhuria, na mtu aliyechangia mazishi ya mama yako ndiye anayeomba. Bosi mkali ungembishia kwa kanuni. Huyu unambishia kwa nini? Ukikataa, unaonekana huna adabu, na ofisi nzima itasema hivyo.

Mpole huyu ana tabia nyingine. Hupenda kuita mmoja mmoja. Mlango unafungwa, chai inamiminwa, halafu swali: "Hivi fulani, unamwonaje siku hizi?" Unasema jambo dogo, la kweli pengine. Kesho fulani naye anaitwa, anakunywa chai ile ile, anaulizwa kuhusu wewe. Baada ya miezi michache hakuna watu wawili wanaoaminiana katika kitengo, kila mtu anaamini yeye ndiye wa karibu, na bosi anabaki kuwa njia pekee ambayo habari inaweza kupita. Ukimuuliza, atakwambia kwa dhati kabisa kwamba sisi hapa ni familia moja.

Kwa upande wa sekta binafsi alama ni nyepesi zaidi kuonekana, kwa hiyo nitazipitia haraka. Bunge likikaa, hoteli na nyumba za wageni za mji huu zinajaa, na vijana wa mapokezi, jikoni na usafi wanafanya zamu mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mwenye hoteli anayesema "hapa hatuna mambo ya ovataimu, tunasaidiana" hajakosea hesabu, anajua anachofanya. Vivyo hivyo anayekata mshahara kwa kila glasi inayovunjika. Sheria inamtaka aeleze kosa kwa maandishi, ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea, na makato ya hasara hiyo yasizidi robo ya mshahara. Na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: muulize mfanyakazi wa dukani kama aliwahi kuangalia taarifa ya michango yake. Kuna wanaokatwa kila mwezi na hakuna kinachofika.

Kuna kundi moja ambalo hutumika kama kioo cha uongozi mahali popote, nalo ni wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na wa kujitolea. Dodoma ina wengi, kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo cha Mipango, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na vingine. Hawana mkataba, hawana chama, wanahitaji sahihi ya msimamizi kwenye kitabu chao ili wamalize masomo. Mtu asiye na la kupoteza kwa kuwaonea ndipo unapomjua. Anawatuma sigara? Anawapa kazi ya kujifunza au anawaficha nyuma ya mashine ya fotokopi miezi miwili? Na yule anayemwambia binti wa miaka ishirini na moja kwamba alama zake zitajazwa wakikutana jioni, huyo ametoka kwenye uongozi mbaya akaingia kwenye jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono waziwazi, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ndiyo mahali pa kuipeleka. Kinachonikera ni jinsi ofisi nzima inavyojua, wakubwa kwa wadogo, na jambo pekee linalofanyika ni kumnong'oneza binti anayefuata asivae vile.

Hapo tunafika kwetu sisi, wafuasi. Watafiti watatu wa Marekani, Padilla, Hogan na Kaiser, waliandika mwaka 2007 kwamba uongozi wa kuangamiza una pembe tatu: kiongozi mwenyewe, wafuasi wanaomwezesha, na mazingira yanayomruhusu. Pembe ya pili Tanzania ya leo imeipatia jina la mtaani, uchawa, yaani kujipendekeza kwa mkubwa, na tunalicheka. Lakini chawa wa ofisini ana kazi maalumu, ndiye anayechuja habari. Yeye ndiye anayekwambia "hilo usimpelekee leo", ndiye anayepiga picha za bosi akikagua mradi na kuzirusha kwenye kundi kabla watu hawajashuka kwenye gari. Bosi mpya na mzuri anaweza kuharibika ndani ya mwaka mmoja akizungukwa na watu wa aina hiyo, maana hata akitaka ukweli hana pa kuupata. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaodhani kumtumbua mkubwa mmoja kunaponya taasisi. Anaondoka, wapambe wanabaki, mpya anakuja, wimbo unaanza upya.

Pembe ya tatu, mazingira, huku kwetu ina sura yake. Mtumishi wa Dodoma mara nyingi ana familia mji mwingine na anahitaji ruhusa ya kutoka Ijumaa. Ana kiwanja Nala au Iyumbu, na mkopo wa benki unaokata mshahara wake kila mwezi hadi umebakia theluthi inayotakiwa kubaki. Kinachomwezesha kuvuka mwezi ni safari na posho ya kujikimu, na anayepanga nani asafiri ni bosi. Hakuna haja ya kumfokea mtu kama huyo. Mwache kwenye orodha ya safari mara mbili tu, ataelewa. Mtafiti Bennett Tepper aliona mwaka 2000, katika utafiti uliokuja kunukuliwa sana, kwamba walio chini ya wasimamizi wanyanyasaji huondoka kazini zaidi, na kati ya wanaobaki, wanaoumia zaidi ni wale ambao hawana urahisi wa kupata kazi nyingine. Mtu mwenye mkopo wa miaka saba huwezi kumwambia "si uache kazi".

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema kuliko tunavyodhani. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika ibara yake ya 15, ukamkataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakauchukua kwa uzito ambao pengine chama hakikuutarajia: kwenye viwanda vya Dar es Salaam walianza kuwafungia nje mameneja waliowaona wanawadharau, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakitwaa kiwanda kabisa. Serikali haikuvumilia, na mambo yakazimwa. Sisemi turudi huko. Ninachokumbusha ni kwamba kulikuwa na wakati ambapo dharau ya bosi kwa mfanyakazi ilihesabiwa kuwa kosa la kiuongozi lenye ibara yake, haikuwa "tabia yake tu, mzoeeni".

Leo anayetaka kupambana ana njia, japo si pana. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mfanyakazi akaandika barua ya kuacha, kuacha huko kunaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini kanuni za mwaka 2007 zinatarajia awe amejaribu kwanza njia za malalamiko za ndani, isipokuwa kama ana sababu nzuri ya kutozitumia, na shauri la kuachishwa linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Wengi wanafika wakiwa wameshapitiwa na siku hizo, na wanafika mikono mitupu. Mtumishi wa umma naye hawezi kukimbilia huko moja kwa moja. Anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za sheria ya utumishi wa umma, Tume ya Utumishi wa Umma ikiwa mojawapo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliye katikati ya jambo hili ni wa kikarani kabisa: agizo la simu lijibu kwa ujumbe wa maandishi, "Mkuu, nathibitisha umeelekeza nifanye hivi." Dokezo lisajili masijala ubaki na namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake kwenye faili. Weka tarehe kwenye kila kitu, na nakala usiziache kwenye droo ya ofisi.

Mabaraza ya wafanyakazi bado yapo. Mengi yanafanyika hapa hapa Dodoma, kwenye kumbi nzuri, kwa bango kubwa, hotuba ya mgeni rasmi, kupitia makadirio ya bajeti, picha ya pamoja. Ningependekeza ajenda moja ya nyongeza, isiyohitaji kumtaja mtu. Ofisa utumishi asome, kitengo kwa kitengo, ni watumishi wangapi wameomba uhamisho mwaka huu, wangapi wameandikiwa barua za kujieleza, na siku ngapi za ruhusa za ugonjwa zimechukuliwa. Mkuu wa kitengo ambaye namba zake ziko juu apewe nafasi ya kueleza, maana kitengo kinaweza kuwa kigumu kwa sababu zake. Najua pingamizi litakalotolewa, nimeshalisikia: kwamba watu huomba uhamisho kwa sababu za kifamilia, hasa kumfuata mwenza, na hilo halihusiani na uongozi. Ni kweli, sababu ya kumfuata mwenza ndiyo inayojazwa kwenye maombi mengi. Ofisa utumishi aliyekaa kwenye kiti hicho muda mrefu anajua pia ni wangapi kati ya waombaji hao ambao wenza wao wanafanya kazi jengo la pili kutoka hapo.